Deni, chungu cha nyumbani na kadi ya harusi

SWALI

Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, wa mwisho ana miezi saba na bado namnyonyesha. Tuko Tanga, tumepanga, kodi 50,000 kwa mwezi. Mume wangu anaendesha bajaji ya mtu. Akishapeleka hesabu kwa tajiri na kutia mafuta anabaki na kama 15,000 kwa siku, siku 26 za mwezi. Mama yake alipougua tulikopa: kwa kaka yake 900,000, dukani tunadaiwa 340,000, na 500,000 alichukua kwa mkopeshaji wa mtaani, hii mikopo ya kausha damu. Kila mwezi anampelekea 100,000 na ile 500,000 iko palepale, sasa mwezi wa tatu. Alihudhuria darsa, ustadhi akasema mwenye deni hana haki ya kula akashiba mpaka alipe. Tangu siku hiyo ananiachia 4,000 kwa siku, watu sita. Watoto wanakwenda shule bila chai. Mtaji wangu wa vitumbua, 60,000, aliuchukua akalipia. Ameniambia nifunge Jumatatu na Alhamisi ili chakula kitoshe. Lakini ilipokuja kadi ya mchango wa harusi ya mpwa wake, 100,000, alitoa. Anasema ni kuunga udugu, na sadaka hufungua riziki. Je, anafanya sawa? Na je, naweza kuchukua katika pesa zake bila kumwambia nikawalisha watoto?

JIBU

Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, swali lako limenikosesha raha, kwa sababu mumeo si mtu mbaya. Ni mtu aliyeogopa deni, na deni ni la kuogopwa. Hadithi ya shahidi kusamehewa kila kitu isipokuwa deni anaijua, na nyinginezo sina haja ya kuzirudia. Tatizo ni pale alipoambiwa aanzie kulipa.

Kauli kwamba mwenye deni hana haki ya kushiba siijui katika vitabu vya fiqhi, yaani sheria za dini. Wanaoisema huegemea hadithi ya Bi Aisha, mke wa Mtume, kwamba zilikuwa zikipita hilali tatu katika miezi miwili bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), chakula chao tende na maji. Hadithi ni sahihi. Lakini ni habari ya watu waliokuwa hawana, si ya mtu aliyekuwa nacho akakizuia. Alipokuwa nacho, Umar amesimulia kwamba Mtume aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka mzima. Alipokosa alifanya nini? Aliweka rehani deraya yake, vazi lake la chuma la vitani, kwa Yahudi kwa pishi 30 za shayiri za kuwalisha watu wa nyumbani kwake, na akafariki deraya ikiwa bado rehani. Iko katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari. Yaani Mtume alikopa ili nyumba ile. Huyo ustadhi anamtaka mumeo aifanyie njaa nyumba ili alipe, kisha anasema hiyo ndiyo Sunna!

Fiqhi nayo imelitazama jambo hili kwa macho makavu kabisa. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtu aliyefilisika, mali yake ikazuiwa na kadhi ikagawiwa wadai, hata nyumba yake huuzwa. Hakuna huruma hapo. Na bado wakasema: wale anaowalisha wataendelea kulishwa katika mali hiyohiyo mpaka siku ya kugawa, na siku ya kugawa wataachiwa chakula chao cha siku. Mufilisi aliyenyang'anywa kila kitu wanawe hawalazwi na njaa. Itakuwaje mwenye kuendesha bajaji, anayeingiza riziki kila jioni, alaze wake?

Tena kuna jambo ambalo nadhani mumeo hakuambiwa. Mke ana kipimo chake. Mume aliye katika dhiki, kwa mujibu wa Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Shafii, anawajibika kutoa kibaba kimoja kila siku cha chakula kikuu cha mji, wa kati kibaba na nusu, mwenye wasaa viwili, pamoja na kitoweo chake. Kinachopungua katika haki hiyo hakifutwi na jua kuzama. Kinakuwa deni juu ya mume. Kwa hiyo kila siku anapokupunguzia wewe ili ampunguzie mkopeshaji, hapunguzi deni, analihamisha kutoka kwa mtu anayemgongea mlango kwenda kwa mtu asiyeweza kumgongea. Watoto hawana kipimo, haki yao ni kutoshelezwa. Haki yao ya siku iliyopita haiandikwi deni, lakini Mtume amesema inamtosha mtu dhambi kuwapoteza wale anaowalisha. Nyumba nayo ni mdai, na huyu ndiye wa kwanza.

Saumu ya Jumatatu na Alhamisi ni ibada nzuri. Haikuwekwa iwe njia ya kubana matumizi, na mama anayenyonyesha mtoto wa miezi saba akiwa hapati chakula cha kutosha hatakiwi kuifunga. Hata Ramadhani yenyewe ameruhusiwa kufungua akihofia nafsi yake au mtoto. Acha.

Sasa ile kadi. Hapa ndipo nitakuwa mkali, na naomba mumeo asome mwenyewe. Ndugu yangu, uliwakatia watoto chai, hukuukatia ukoo mchango. Ukasema ni sadaka. Imam Nawawi, katika Minhaj hiyohiyo, mlango wa sadaka, amesema kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba ni haramu mtu kutoa sadaka kile anachokihitaji kwa matumizi ya wale wanaomtegemea, au kwa deni ambalo hatarajii njia nyingine ya kulilipa. Amesema haramu, hakusema si vizuri. Basi ikiwa sadaka ya kumpa maskini inaharamika, mchango wa ukumbi, mapambo na sare utakuwa nini? Wanaosema "toa, Mungu atakurudishia" wanautoa kwa mali ya nani? Ile 100,000 ilikuwa ya kaka yako, ya muuza duka na ya watoto wako. Hukuwa na shilingi yako ya kutoa.

Wataniambia: akikataa atatengwa, na siku yake hawatamchangia. Najua inavyouma, daftari la michango husomwa hadharani. Lakini kuunga udugu hakukufungwa kwenye kadi. Nenda siku mbili kabla, funga maturubai, beba masufuria na kuni, peleka wageni kwa bajaji yako. Mkeo akune nazi na wenzake. Kwa katibu wa kamati sema neno moja tu: "Nina deni la watu, nitakuja na mikono." Usiahidi nusu. Mtume alipoulizwa kwa nini anajikinga sana na deni, alisema mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akakhalifu.

Nirudi kwako dada. Umeuliza kuchukua kwa siri. Mtume alimruhusu Hind kuchukua katika mali ya mumewe, Abu Sufyan, kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema, lakini Abu Sufyan alikuwa nacho, ni ubahili tu. Mumeo si bahili, ana hofu. Usimwibie pesa za madeni, atakapokuta zimepungua atazidi kubana. Kaeni na daftari.

Mapato ni 390,000. Kodi 50,000. Chakula na mkaa, wekeni 7,000 kwa siku, yaani 210,000. Maji, sabuni, madaftari na dharura ndogo, 30,000. Inabaki 100,000, na hiyo ndiyo ya madeni, isiongezwe kwa kupunguza chungu. Mtaona ni sawasawa na anachopelekewa mkopeshaji kila mwezi. Kwa mwendo huo mtalipa miaka na 500,000 haitasogea. Kwa hiyo pa kuanzia ni hapo. Qur'ani, Sura ya 2 aya ya 279, inasema mwenye kutubu ana haki ya rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Mlishatoa 300,000, katika haki imebaki 200,000. Mumeo aende na mashahidi wawili watu wazima, mmoja awe anayeheshimiwa na huyo mkopeshaji, waombe ile 300,000 ihesabiwe katika mtaji na zilizobaki zilipwe 80,000 kwa mwezi, iandikwe. Wengi hukubali wakiona watu wazima na fedha mkononi. Akikataa, kaka wa mumeo aombwe awamalizie huyo kwanza, maana deni la kaka halizai riba. Kosa ambalo watu hulifanya hapa ni kukopa kwenye simu ili kumlipa kausha damu. Msifanye. Ule wa simu nao una tozo, na hujikata wenyewe pesa ikiingia, kabla hamjanunua unga.

Muuza duka apelekewe 20,000 kila mwezi bila kukosa, na kuanzia leo hakuna kuchukua kwa daftari, hata kiberiti. Kaka aelezwe mapema kwamba zamu yake ni ya mwisho. Akiwa na wasaa, aya ya 280 ya sura hiyohiyo ya 2 inamwamuru asubiri, na akisamehe sehemu ni kheri kwake. Msingoje kufuatwa ndipo mseme, kimya chenu ndicho kinachowavunja ndugu.

Mtaji wako, 60,000, kama hukumpa kwa ridhaa yako basi ni deni kama mengine, na nashauri mwezi wa kwanza uanzwe nalo, kwa sababu ndilo deni pekee ambalo likilipwa linaingiza. Jumlisha: 60,000, 200,000, 340,000 na 900,000 ni 1,500,000, miezi 15. Faida ya vitumbua ni yako, hulazimiki kuitoa. Ukitaka kumsaidia, Zaynab mke wa Ibn Mas'ud alipouliza kuhusu kumpa mumewe, Mtume alisema ana malipo mawili, ya ujamaa na ya sadaka. Lakini semeni siku hiyohiyo ni zawadi au ni mkopo.

Kuhusu chungu, gengeni pesa hupotea kwenye vipimo. Mafuta ya kununua kila jioni kwa kijiko, ukijumlisha mwezi, ni ghali kuliko dumu la lita tano. Nunueni mafuta, unga, maharage na sukari kwa wiki au mwezi, na kila siku nunua mboga na kitoweo tu. Maharage loweka usiku, maji yale mwaga, pika ya siku mbili kwa moto mmoja. Yasiyolowekwa hula mkaa. Uji wa sembe uliotiwa karanga za kusaga unamtosha mtoto mpaka saa nne. Dagaa kavu, kiganja kimoja kwenye mchicha na nazi, ni kitoweo halali kisicho na aibu.

Jambo la mwisho, muulizeni imamu wenu kama msikiti unagawa zaka. Wenye madeni wametajwa kwa jina lao katika aya ya 60 ya Sura ya 9, na aliyekopa kumtibu mama yake akashindwa kulipa ni mmoja wao. Zaka hiyo yaweza kupelekwa moja kwa moja kwa muuza duka, kwa idhini ya mumeo. Na yeye aandike wasia wenye kila deni, jina na kiasi, autie mkononi mwako.

Kikao cha daftari mnaweza kukifanya Ijumaa akiwa ametulia. Uji wa watoto uanze kesho asubuhi, kabla ya kikao.

Wallahu a'lam.