Tubane matumizi au tufuge kuku? Hesabu ya mshahara wa 624,000

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimeajiriwa kiwandani Dar es Salaam, tunaishi Gongo la Mboto, mimi, mke wangu na watoto wawili. Mshahara ni 750,000, mkononi inafika 624,000 baada ya NSSF na kodi. Tarehe 25 haitukuti na kitu. Mimi nasema tubane matumizi. Mke wangu anasema tutabana mpaka lini, bora tufuge kuku wa nyama 100 hapo uani. Ameshaulizia bei: kifaranga 1,800, chakula mfuko wa kilo 50 ni 72,000, na kuku aliyekomaa wanunuzi wanamchukua kwa 8,500. Kazini nako kuna ovataimu za Jumapili, kama 100,000 kwa mwezi. Tuna 400,000 ambayo hatujaigusa. Orodha ya matumizi nimeiambatanisha. Tushike lipi?

JIBU: Salama ndugu, na asante kwa kuleta tarakimu. Wengi huuliza swali hili bila tarakimu, na bila tarakimu halijibiki.

Nianze na kuku, kwa sababu ndiko kuliko na pesa ya kupotea. Kuku wa nyama hadi wiki ya tano hula kama kilo 3.5, ukijumlisha na kinachomwagika. Kuku 100 ni kilo 350, yaani mifuko 7, sawa na 504,000. Vifaranga 180,000. Chanjo na vitamini weka 25,000, mkaa wa kuwapa joto wiki mbili za mwanzo 35,000, maranda ya kutandika bandani 12,000. Jumla 756,000, na banda sijaligusa. Wakifa 5, ambalo ni jambo la kawaida kwa mfugaji makini, unauza 95 kwa 807,500. Faida ni 51,500. Wakifa 10, faida inabaki 9,000. Wakifa 12, umeingia hasara ya 8,000.

Vifo wengi wanavijua. Kinachowamaliza wafugaji wapya kimyakimya ni mnunuzi kuchelewa. Wiki ya tano kuku mmoja anakula kama gramu 150 kwa siku. Kuku 95 ni kilo 14 na robo, na kwa bei ya mfuko wenu hiyo ni 20,500 kila siku. Mnunuzi akikwambia "nakuja kesho kutwa", halafu akaongeza siku moja, faida yote imeshaliwa. Kuku wameongezeka uzito, sawa, lakini kama bei ni ya kichwa hakuna atakayekulipa huo uzito.

Sasa nyinyi hamna 756,000, mna 400,000, kwa hiyo mngeanza na kuku 50. Vifaranga na chakula vinapungua nusu kwa nusu, ila mkaa haupungui hivyo: kuwapa joto 50 kunakula karibu sawa na 100. Mkaa ukiuweka 32,000, na chanjo, vitamini na maranda 23,000, gharama zote zinafika 397,000. Wakibaki 47, mauzo ni 399,500. Yaani mke wako ameamka usiku wiki mbili kuchochea mkaa, kwa faida ya 2,500. Kwa mtaji huu na bei hizi, msifuge.

Ovataimu je? Shilingi 100,000 inayopita kwenye mshahara haifiki nzima. NSSF inachukua 10,000. Mapato yako yanayotozwa kodi sasa ni 675,000, hivyo 85,000 ya kwanza inakatwa asilimia 20 na 5,000 inayovuka 760,000 inakatwa asilimia 25. Kodi ni 18,250, unabaki na 71,750. Toa nauli ya Jumapili nne kwa 2,400, unabaki na 62,150. Ukinunua chakula cha mchana kazini inashuka tena, kwa hiyo beba. Ila hata hivyo ni pesa nzuri isiyodai mtaji. Ubaya wake ni kwamba bosi ndiye mwenye nayo: oda zikipungua, inakatika. Usiitegemee kwa ada wala kodi ya nyumba.

Kubana kuna sifa moja ambayo ovataimu na kuku hawana: shilingi uliyoiacha mfukoni haikatwi kodi wala haihitaji mtaji. Nimepita kwenye orodha yako. Bando la siku la 1,000 ni 30,000 kwa mwezi. Ukihamia la wiki au la mwezi, 10,000 inabaki. Makato ya simu 14,000 yanatokana na kutoa ishirini-ishirini kwa wakala mara kwa mara. Toa mara mbili kwa mwezi, dukani uliza kwanza kama lipa namba haina makato. Hapo unaokoa kama 10,000. Mkaa wa kopo wa 1,500 kila siku ni 45,000. Gunia lililojaa vizuri, mkigawana na jirani, linaweza kuwapunguzia 12,000, mradi msimu wa mvua usiwakute hamna pa kuliweka, maana mkaa uliolowa mnaununua mara mbili.

Kwenye chakula, 240,000, nenda polepole. Fanya jaribio hili la mafuta ya kula: chukua chupa tupu ya lita moja, kila siku mimina humo kile kipimo cha 500 cha dukani kabla hakijaingia jikoni, uweke alama kwa nje, kisha rudisha kwenye chombo chako. Mkikuta vipimo 14 vingejaza chupa, basi lita mnainunua 7,000. Linganisha na bei ya lita iliyofungwa. Fanya hivyohivyo kwa sukari ya robo na unga wa nusu kilo. Mkinunua vikavu vya mwezi kwa jumla, 20,000 inapatikana bila mtu kulala njaa. Kosa la kawaida ni hili: dumu likishakaa jikoni, mkono unakuwa mwepesi kumimina, na lita iliyotosha wiki mbili inaisha kwa siku tisa. Pima mafuta ya wiki, yatie kwenye chupa ndogo, dumu lifungiwe.

Jumla 52,000 kwa mwezi. Karibu ni ileile faida ya kuku 100, ila hii haifi kwa ugonjwa wa kideri na haingoji wiki tano. Kwa mwaka ni 624,000, mshahara wako wa mwezi mmoja kamili. Lakini hapo ndipo mwisho wake. Nimeitafuta 60,000 kwenye orodha yako sikuipata, labda ukaguse ya shule au ya kwenu kijijini. Kwa hiyo mke wako hajakosea. Kakosea mpangilio tu.

Mwezi huu anza na kubana pamoja na ovataimu. Usihamishe 52,000 mara moja, anza na 40,000. Weka agizo la kudumu benki, pesa ihamie akaunti isiyo na kadi siku moja baada ya mshahara. Ikifika tarehe 20 ukajikuta unairudisha, kiasi kilikuwa kikubwa. Punguza mpaka kibaki. Ovataimu iingie yote huko. Usiichanganye na ya chakula hata wiki moja, kwa sababu pesa isiyo na jina huenda kwenye michango ya harusi.

Mama watoto naye aanzie mwisho wa biashara. Anunue kuku 10 waliokomaa kwa mfugaji, 85,000. Awachinje, awanyonyoe, awauze mtaani na kwenye mabanda ya chipsi. Akiwauza 10,500, toa 4,000 ya mkaa na mifuko, anabaki na 16,000 ndani ya siku mbili. Kama hawaishi kwa siku mbili, mmejua mapema kwamba soko halipo, na hamjafuga. Kama wanaisha na watu wanaulizia, siku mtakayofuga mtakuwa na wanunuzi wenye majina, na bei si 8,500 tena.

Jambo moja limenitatiza kwenye barua yako. Umeandika kodi ya nyumba 120,000 kwa mwezi, lakini Dar wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mpigo, yaani 720,000. Hiyo 400,000 mnayoiita akiba, je, si kodi inayojikusanya? Kabla hamjanunua hata hao kuku 10, tazameni mkataba wa nyumba unaisha tarehe ngapi.