Imsouane: wimbi refu la kujifunzia, ukijua saa ya kuingia

Watu wa nyumbani Mombasa wakisikia nimefunga safari hadi Moroko kuteleza mawimbini, swali la kwanza ni kama siogopi. Woga unategemea umechagua wimbi gani. Anayeanza, na hata yule ambaye tayari anasimama ubaoni ila bado hajui kugeuka, nitampeleka Imsouane kabla ya pengine popote nilipowahi kupanda ubao.

Ni kijiji cha wavuvi kati ya Agadir na Essaouira. Kuna rasi, na kila upande wa rasi una wimbi lake. Upande ulio wazi huitwa Cathédrale, na bahari ikiwa kubwa waachie wazoefu. Unachokitaka wewe ni ghuba ya upande wa pili. Mawimbi yanayotoka kwenye dhoruba za Atlantiki ya Kaskazini yanaizunguka rasi kabla ya kuingia humo, na katika kuzunguka yanapoteza ukali. Hayaporomoki kwa mpigo mmoja. Yanaanza kuvunjika karibu na gati la bandari, kisha yanaendelea kuvunjika kidogo kidogo kando ya ufuo, na siku nzuri wimbi moja linaweza kukubeba mamia ya mita.

Urefu huo ndio mwalimu. Kwenye wimbi fupi unasimama, unafurahi, limekwisha. Hapa unapata muda wa kusimama, kurekebisha miguu, kuinua macho, kujaribu kugeuka, kukosea na kujaribu tena kabla hujaanguka. Linakwenda kulia kwako ukielekea nchi kavu, kwa hiyo anayetanguliza mguu wa kushoto huliona wimbi mbele yake muda wote. Anayetanguliza wa kulia ataligeuzia mgongo. Inawezekana, ila itamchukua muda zaidi kuzoea.

Jambo ambalo wageni wengi hulidharau ni maji kujaa na kupwa. Sisi tuliolelewa pwani tunalijua hili tangu utotoni: bahari ya asubuhi siyo ya mchana. Imsouane ni hivyo hivyo. Maji yakiwa yamepwa, au yako katikati, wimbi linakuwa refu na lenye umbo, na ufuo ni mpana. Yakijaa, linalegea, ufuo unamezwa, na unajikuta karibu mno na mawe. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Angalia ratiba ya maji kabla ya kulala, na kumbuka kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Ningeingia saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, hata kama maana yake ni kukosa kifungua kinywa.

Usianzie gatini. Huko juu ndiko wanakojipanga wenye uwezo, na mwanzo wa wimbi uko karibu na mawe. Anzia ndani ya ghuba kwa ubao laini wa futi 8 au 9. Wimbi likikuinua, weka viganja usawa wa mbavu, sukuma kifua juu, leta miguu chini yako, na tazama unakokwenda. Ukitazama vidole vyako vya miguu utaviona vikiingia majini. Ukianguka, anguka kwa ubavu au mgongo, kamwe usitangulize kichwa, na ibuka mikono ikiwa imefunika kichwa, maana ubao wako uko hapo juu. Ukimaliza, usirudi kwa kupiga mikono kuupanda mkondo. Toka majini na urudi kwa miguu ufuoni. Utabaki na nguvu ya wimbi linalofuata.

Upole wa ghuba hii unavuta watu wengi, na hatari kubwa hapa ni mbao za wenzako kuliko maji yenyewe. Aliye karibu zaidi na povu ndiye mwenye haki ya wimbi. Tazama kushoto kabla ya kusimama. Kama kuna mtu anakuja, liache. Usiutupe ubao hata ukibanwa.

Msimu wa uhakika ni Oktoba hadi Machi, na maji yana baridi ambayo Bahari ya Hindi haijawahi kutuonjesha, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Tafuta suti ya mpira ya milimita 4 kifuani na 3 mikononi.

Mwanzoni mwa 2024 mamlaka zilibomoa nyumba na biashara nyingi za jirani na ufuo, na wenyewe walipewa muda mfupi mno wa kuhama. Inaniuma, kwa sababu waliofungisha virago ni wale wale waliokuwa wakitukaribisha, kutukodisha mbao na kutupikia. Ndiyo maana nasisitiza: lala kijijini badala ya kuja na kurudi Agadir siku hiyo hiyo, kodi ubao hapo hapo, chukua mwalimu mzaliwa wa pale, na mchana ule samaki wa bandarini.