Kwa Mwanangu, Mwalimu wa Historia

Mwanangu Zaituni,

Sisi hapa Tororo hatujambo. Umeniuliza kama kuchoka kwako ni udhaifu, maana mwenzako wa fizikia mliyeajiriwa pamoja hapo Mbale haonekani kuchoka.

Si udhaifu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba uchovu wa namna hii hutokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa ipasavyo, na kwamba dalili zake ni kuishiwa nguvu, kuichukia kazi na kupungukiwa ufanisi. Zote tatu zimo katika barua yako.

Lakini hesabu ya mshahara haiepukiki. Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika shule za serikali hapa Uganda alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, ninyi wa masomo ya sanaa, kama historia, mkaachwa karibu na robo ya hizo, na mgomo wenu wa mwaka huo ukaisha mkarudi madarasani mikono mitupu. Mwenzako akimaliza vipindi huenda nyumbani. Wewe hupanda boda kwenda kufundisha shule ya binafsi ili kodi ya nyumba itimie, kisha usiku unasahihisha kazi za tathmini endelevu zilizoletwa na mtaala mpya wa 2020. Basi usijilinganishe naye kana kwamba mna siku moja ya kazi, wala usimnunie, kwani si yeye aliyepanga viwango hivyo (ingawa angeweza kukupokea zamu mara mojamoja).

Shule ya binafsi sikushauri uiache sasa, kwa kuwa najua kodi ya Mbale. Linaloweza kupunguzwa ni yale unayobebeshwa bure: mdahalo, kwaya na zamu za Jumapili, ambazo naona humwangukia yule asiyejua kukataa. Sheria ya Ajira ya 2006 imeweka saa 48 kwa wiki kuwa kikomo cha kawaida, na saa za ziada zina malipo yake. Ziandike saa zako zote za hapo shuleni, zamu zikiwemo, umwone mwakilishi wa chama cha walimu kabla ya kumwendea mwalimu mkuu, na umwombe mkaingie pamoja.

Muhula ukifungwa njoo nyumbani kwanza, kabla hujakubali masomo ya likizo. Nauli nitakutumia kwa simu.

Baba yako