Homa ya ini B: manjano, shubiri na "dawa za kusafisha ini"

Mkuu, umeuliza kama mgonjwa wa homa ya ini B anaweza kuacha tenofovir, dawa ya hospitali inayozuia virusi hivyo, akatumia manjano, pilipili manga na shubiri. Asiache. Dawa ikikatwa ghafla virusi huweza kulipuka upya, na ini likashindwa kazi ndani ya wiki chache.

Manjano ya kupikia, kijiko cha chai kwenye mchuzi, haina neno. Kiini chake, kukumini, ni kama asilimia 3 tu ya unga, tena utumbo hukifyonza kidogo mno. Pilipili manga ndiyo inayobadilisha hesabu. Jaribio la 1998 lilionyesha kwamba miligramu 20 za piperini, kiini cha pilipili manga, pamoja na gramu 2 za kukumini hupandisha ufyonzwaji takriban mara 20. Wauzaji wa kapsuli huisifia hiyo, lakini mwaka 2022 watafiti wa Marekani waliripoti wagonjwa 10 walioumizwa ini na manjano. 5 walilazwa na 1 alifariki. Piperini pia huzuia uvunjwaji wa dawa nyingine mwilini, kwa hiyo anayekunywa dawa za hospitali awe macho zaidi.

Shubiri naiogopa zaidi. Yale majimaji ya njano chini ya ganda huharisha sana na kupoteza potasiamu. Kwa mwenye ini lililosinyaa, hilo linatosha kumchanganya akili na kumlaza.

Kuna pia kimmea cha shambani, Phyllanthus amarus. Mwaka 1988 madaktari wa Madras, India, waliwapa wagonjwa miligramu 200 mara 3 kwa siku kwa siku 30, na 22 kati ya 37 wakapoteza alama ya virusi kwenye damu. Matumaini yalikuwa makubwa, ila majaribio yaliyofuata hayakupata matokeo hayo. Silimarini nayo, dondoo ya mmea uitwao milk thistle inayouzwa kama dawa ya ini, hata miligramu 700 mara 3 kwa siku kwa wiki 24, haikushinda kidonge kisicho na dawa kwa wagonjwa wa homa ya ini C.

Kama ameshaanza kunywa tiba hizi za mimea, aziache leo (si tenofovir) na apime ALT, AST na bilirubini, vipimo vya damu vinavyoonyesha hali ya ini. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi, macho yakiwa ya njano au mwili ukiwasha, aende hospitali siku hiyohiyo na abebe pakiti au mizizi yenyewe. Unga wenye harufu ya uvundo utupwe: ukungu huweza kuzalisha sumukuvu, inayosababisha saratani ya ini, na kuchemsha hakuiondoi.

Anaoishi nao wapimwe. Asiye na maambukizi wala kinga achanjwe dozi 3: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6.