Usiviloweke hivyo viatu! Mimi niliua pea ya Church's, viatu vya ngozi vya Kiingereza, kwa beseni na jua

Toa hivyo viatu kwenye beseni mkuu, kama umeshaviweka. Nimesoma swali lako nikafika pale uliposema Jumamosi unaviloweka na sabuni ya unga usiku kucha halafu asubuhi unavianika juu ya bati harufu iishe, hapo nikaacha chai nikaanza kuandika. Umesema ni brogi za kahawia za Kiingereza, zile zenye matundu matundu mbele, umezipata soko la mitumba la Karume kwa 35,000, zimeota ukungu mweupe na zinanuka stoo. Sawa. Yangu ilikuwa nyeusi, nayo ya Karume, na leo imebaki upande mmoja tu ndani ya boksi, nautunza ili niwaonyeshe watu kabla hawajafanya nilichofanya mimi.

Ilikuwa 2019, kabla soko halijaungua ile Januari ya 2022. Kuna mzee wa belo za viatu alikuwa akiona pea ya ngozi ya maana ananiwekea pembeni, siku hiyo akanitolea Church's. Mhuri wa ndani umefifia ila unasomeka, chini ya jina kuna miji miwili tu, London na New York. Wanaokusanya hivi viatu wanajua maana yake, kwenye Church's orodha ya miji ikiwa fupi kiatu ni cha zamani, yaani zamani kweli, muda mrefu kabla Prada, wale wa mitindo wa Italia, hawajainunua ile kampuni 1999. Ubavuni kwa ndani kuna namba za mkono wa fundi, saizi, herufi ya upana, halafu 73 ambayo ni namba ya kalibu yao ya zamani, yaani lile umbo la mguu kiatu kinakojengewa. Soli ya ngozi, imeshonwa kwa welti, ule ukanda wa ngozi unaozunguka kiatu, ngozi ya juu imeshonwa kwenye ukanda na soli nayo imeshonwa kwenye ukanda, kwahiyo soli ikiisha unaitoa unaweka nyingine na kiatu kinaendelea na maisha. Viatu vya Northampton, mji wa Uingereza wanakotoka Church's, vimetengenezwa hivyo ili viishi, baba anavaa, mtoto anarithi. Nilitoa 40,000 hata sikubishana bei.

Kosa likaanzia hapo. Vilikuwa na ukungu kama vyako. Badala ya kutulia nikaenda kumuuliza jamaa mmoja anayeuza viatu onlaini, wale wa video za dakika moja, kiatu kinaingia kwenye beseni kichafu kinatoka kinang'aa kama kioo. Akaniambia bro ngozi ya zamani imelala, lazima uiamshe, maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga usiku mzima, asubuhi sugua kwa brashi, halafu jua kali la siku nzima liue wadudu. Alisema kwa kujiamini kabisa, na wateja wake kule chini wanamshangilia, nikaona huyu anajua.

Nikaloweka. Asubuhi maji yamekuwa ya kahawia iliyokolea kama chai ya rangi, nikafurahi nikidhani ni uchafu unatoka. Mkuu haukuwa uchafu, au tuseme uchafu ulikuwa kidogo, kilichokuwa kinatoka ni uhai wa kiatu. Ngozi ikishatengenezwa kiwandani inalishwa mafuta, na hayo mafuta ndiyo yanayofanya nyuzi zake ziteleze bila kukatana kila unapokunja mguu. Sabuni ya unga imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo na vyombo, sasa unategemea ikifika kwenye ngozi iyachague, iache haya ibebe yale? Inabeba yote. Halafu ngozi inapenda hali ya uasidi kidogo na sabuni iko upande wa pili kabisa, unaichokoza mara mbili.

Ile weusi niliyoikuta kisiginoni nayo sikuielewa siku ile. Ndani ya soli na kisigino kuna misumari, na viatu vingi vya aina hii vina kibao cha chuma au mbao katikati kinachobeba unyayo. Chuma kikikaa majini na ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kinakutana na tanini, ile dawa ya magome iliyomo kwenye ngozi, na kutoa rangi nyeusi, ndivyo wino wa zamani ulivyokuwa unatengenezwa. Kwahiyo nilikuwa natengeneza wino ndani ya kiatu changu. Hiyo doa haitoki, nimejaribu kila kitu.

Bado hata hapo kiatu kingeweza kuokolewa. Narudia, mpaka pale kilikuwa kinaokoleka! Kilichoua ni bati.

Niliviweka juu saa nne asubuhi, jua la Dar la mwezi wa pili unalijua. Saa nane napanda kuviangalia, ncha za mbele zimekunjika juu kama omo ya jahazi. Nikavuta kidogo nivinyooshe nikasikia sauti, kwa kweli ile sauti sijaisahau, kama unavunja papa mkavu. Pale kiatu kinapokunjika vidoleni pakafunguka nyufa tatu upande wa kulia na mbili kushoto, siyo mikunjo, NYUFA, unaona nyuzi za ndani. Ngozi ya ndani unayokanyaga imejiviringisha kama chapati iliyoungua ikaachana na kiatu, na nyuzi za kushonea welti zikakatika nilipojaribu kuirudisha, maana uzi wa zamani ukishaloweka na kukaushwa kwa nguvu hauna kitu tena.

Sasa kwa nini joto. Ngozi ni kolajeni, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro igande ikipoa. Kolajeni ikiwa imelowa na ikapata joto inajikunja na kuanza kuyeyuka, ukiwa jikoni unafurahi, kwenye kiatu ni msiba. Ngozi ikiwa kavu inavumilia joto kubwa kiasi, ikilowa uvumilivu unashuka sana, na iliyozeeka uvumilivu unashuka zaidi. Halafu iliyotengenezwa kwa magome ya miti, ambayo ndiyo ya kukanyagia na ya soli, inashindwa mapema kuliko ile ya juu iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu, ndiyo maana ndani palijiviringisha vile. Hata ambapo haijafika kujikunja, maji yakikimbia haraka nyuzi zinashikamana, na kwa kuwa mafuta umeshayatoa na sabuni hakuna cha kuzitenganisha, inakuwa ngumu kama kibao. Kwahiyo shika hili moja tu hata kama mengine yote utasahau: MAJI NA JOTO VISIKUTANE KWENYE NGOZI. Siyo jua, siyo bati, siyo pasi, siyo drai ya saluni, siyo nyuma ya friji, siyo dashibodi ya gari. Kimoja kimoja inaweza kuvumilia, vikikutana imekwisha, na ufa kwenye ngozi hauponi. Unajazwa na kupakwa rangi tu, ukitembea wiki mbili unarudi palepale.

Nikarudi kwa yule jamaa na picha. Unajua alijibu nini? "Bro ngozi yako ilikuwa feki." Feki! Kiatu kilichokaa miaka mingi kuliko umri wake, kikapita Uingereza, kikaingia belo, kikapanda meli, kikafika Ilala kizima, kikafia kwenye beseni lake halafu feki ni kiatu. Na kabla na wewe hujaniandikia kwamba nilinunua feki, nilishasema miji miwili na namba za mkono, picha ninazo. Baadaye nikaelewa ujanja wake. Zile video zinakatwa siku ileile. Kiatu kikitoka juani kimekakamaa anakipaka ile rangi ya maji ya chupa yenye sponji, inakaa juu kama plastiki, inafunika kila kitu na inang'aa, anauza jioni. Mwezi mmoja baadaye kinapasukia mguuni kwa mteja ambaye hana pa kulalamika. Kinachoniumiza siyo 40,000, ni kwamba bado anafundisha, na naona maneno yako ya "kuiamsha ngozi" ni yaleyale kama umeyanakili kwake.

Kisha fundi wa karibu na nyumbani akaniambia anaweza kuokoa, akasaga welti yote kwa mashine akabandika soli ya mpira na gundi, 25,000 nyingine. Sina ugomvi naye sana, ila ukishasaga welti hakuna tena pa kushonea, basi.

Ukungu wako ni kazi ndogo. Toka nao nje barazani usiuvute puani, sugua kwa brashi kavu, halafu siki nyeupe nusu na maji nusu, loweka KITAMBAA siyo kiatu, kikamue mpaka kisidondoke, futa nje na ndani. Viache kivulini penye upepo siku mbili, ndani umejaza magazeti, ukigusa magazeti yana unyevu badilisha. Ukungu ukirudi rudia. Kikishakauka, na usikivae hata kujaribu mbele ya kioo kabla ya hapa kwa sababu ngozi kavu inapasuka kwenye ule mkunjo wa kwanza tu, paka kondishena ya ngozi, ile krimu ya kuirudishia mafuta, kidogo sana kwa kidole, acha usiku, kesho tena, mpaka uone haiinywi haraka. Pea yangu ya sasa, Loake ya kahawia, nayo ya Kiingereza kutoka mji wa Kettering, ilikunywa siku tano. Mafuta ya kupikia usiguse yanachacha. Kiwi ya kopo ni mwisho kabisa baada ya hayo yote, tabaka jembamba, brashi, kitambaa.

Najua uliuliza na mambo ya saizi na bei ya kubadili soli, na kingine cha vibao vya kuweka ndani nadhani, hayo wakuu wengine watakujibu au nitarudi jioni. Kwa sasa nataka kujua kitu kimoja. Umeshaviloweka au bado? Kama umeshaloweka usiogope, bado hujapoteza. Vitoe sasa hivi, suuza ile sabuni kwa kitambaa chenye maji baridi safi, usivikamue usivikunje, jaza magazeti mpaka umbo lirudi, vilaze ubavu uvunguni mwa kitanda au popote pasipo na jua, badilisha magazeti asubuhi na jioni, hata ichukue wiki nzima. Mtu yeyote hapo nyumbani asikushawishi kuvitoa nje kwa sababu vinanuka. Piga picha ya mkunjo wa vidole uweke hapa nione.