Kurekodi mahojiano ya utafiti na mihadhara: WAV au MP3, na video ya kiwango gani?

Ndugu, umesema unakusanya mahojiano kwa ajili ya utafiti wa matamshi, unarekodi pia mihadhara kwa video, na unataka kujua kama faili ya sauti ya MP3 inatosha badala ya WAV, ambayo huhifadhi sauti nzima, na kama kuna haja ya video ya 4K, yenye nukta nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kurekodi, kunukuu na kuhifadhi sauti za watafiti, na kwa uzoefu huo maswali yako mawili hayana uzito sawa: sauti usiibane, yaani usipunguze ukubwa wa faili yake, hata kidogo wakati wa kurekodi, picha ibane bila wasiwasi.

Kinasa sauti cha kidijitali hupima wimbi la sauti mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kanuni ya Nyquist inataka idadi ya vipimo izidi mara mbili ya masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (hezi), ya juu kabisa unayotaka kuyanasa, na kwa kuwa sikio la binadamu haliendi mbali zaidi ya hezi 20,000, CD zilizoingia sokoni mwaka 1982 zilipangiwa vipimo 44,100 kwa sekunde, huku vifaa vya video vikizoea 48,000. Tumia 48,000, kwa kuwa sauti yako itaunganishwa na picha. Vipimo 192,000 vinavyosifiwa kwenye matangazo vitajaza diski tu, labda kama unatafiti popo.

Penye faida halisi ni kwenye biti, yaani idadi ya tarakimu za 0 na 1 zinazoandika kila kipimo. Biti 16 hutoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti ndogo kabisa na kubwa kabisa, na hiyo inatosha kwa kusikiliza. Lakini ukirekodi kwa biti 24 unaweza kuweka kiwango cha chini, vilele vikiishia karibu na desibeli -12, yaani 12 chini ya kikomo cha kinasa, ili mhojiwa akicheka ghafla wimbi lisikatwe kichwa. Wimbi lililokatwa programu huweza kulikisia, si kulirejesha.

MP3 hufanya kazi kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa sababu zimefunikwa na sauti nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa msikilizaji huo ni ufundi wa hali ya juu, lakini Praat, programu ya kuchambua matamshi, haisikilizi kwa sikio, inapima kilichomo kwenye faili. Kimo cha sauti huweza kustahimili MP3 yenye biti nyingi kwa sekunde, ila ukishuka kwenye viwango vya chini spektrogramu, yaani picha ya masafa ya sauti kadiri muda unavyokwenda, huonyesha masafa ya juu yakiwa na matundu au yamekatwa kabisa, na huko ndiko zilipo nguvu nyingi za konsonanti kama s. Isitoshe, kila unapohariri MP3 na kuihifadhi upya, hasara huongezeka. WAV ya chaneli moja, vipimo 48,000 na biti 24, huchukua takriban megabaiti 520 kwa saa. Ukiona ni nyingi, igeuze kuwa FLAC, aina ya faili ambayo mara nyingi hupunguza faili kwa karibu nusu bila kupoteza hata namba moja. MP3 iwe nakala ya kumtumia mtu.

Kwenye video hesabu ni nyingine kabisa. Video ya nukta 1920 kwa 1080, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, isiyobanwa, ingekula takriban gigabaiti 560 kwa saa, kwa hiyo kamera yako tayari inabana, upende usipende. H.264, mbinu ya kubana video iliyotoka mwaka 2003, huhifadhi fremu kamili mara chache na kwa nyingine huandika mabadiliko tu. Mhadhara wenye slaidi haubadiliki sana, hivyo megabiti 2 kwa sekunde, yaani karibu megabaiti 900 kwa saa, hutosha kabisa. 4K iache. Wanafunzi huvumilia picha hafifu, lakini sauti yenye mwangwi huwafanya waifunge video mapema. Kila umbali kati ya mdomo na maikrofoni unapoongezeka maradufu, sauti ya msemaji hushuka kwa takriban desibeli 6 ilhali mwangwi wa ukumbi hubaki karibu vilevile. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo hushinda kamera ya bei kubwa iliyowekwa nyuma ya ukumbi. Hata unukuzi wa kompyuta utaupata kwa urahisi zaidi hivyo, maana programu ya unukuzi ya Whisper hushusha sauti yote hadi vipimo 16,000 kwa sekunde kabla ya kuanza kazi, kwa hiyo kinachoisaidia ni sauti safi, si vipimo vingi.

Ukirekodi sauti na picha kwa vifaa viwili, piga makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni ili upate alama za kuzioanisha, kwa sababu saa za ndani za vifaa hivyo hupishana kidogo kidogo na katika mhadhara mrefu midomo huanza kuachana na maneno. Simu nyingi pia hurekodi fremu zisizo na kasi moja. Zipitishe video hizo kwanza kwenye FFmpeg, programu ya kugeuza faili za video, uzipe kasi thabiti, kisha ndipo uzifungue kwenye ELAN, programu ya kuandika maelezo juu ya rekodi. Ukitaja kinasa na simu ulizonazo, nitakuandikia mipangilio inayozifaa.