Kabla Hujaficha Mabunda ya Sarafu Uvunguni

Wewe unayeanza kukusanya sarafu, swali hili utaniuliza tu, kwa hiyo acha nilijibu mapema. Haya mabunda mapya kutoka benki, yaliyofungwa kwa karatasi, yenye sarafu zinazong'aa ambazo hazijapita mkononi mwa mtu, niyaweke?

Mimi niliyaweka. Mwaka 1999 nilikuwa keshia kwenye duka la vyakula Columbus, Ohio, na Marekani ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutoa kota za majimbo, yaani robo dola zenye picha ya kila jimbo. Matano kwa mwaka, hadi yakatimia 50 mwaka 2008. Watu walipagawa. Wateja wazima na akili zao walinisimamisha kwenye foleni wakitaka nipekue droo niwatafutie Georgia. Nami kila toleo jipya likifika nanunua bunda moja, kota 40 kwa dola 10 zangu, naliandika jina la jimbo kwa kalamu, nalitia kwenye boksi la viatu uvunguni. Mke wangu akiuliza, namwambia hiyo ni ada ya watoto.

Siku ya kuuza nilikuwa na mabunda 30. Bunda moja lina karibu gramu 227, piga hesabu mwenyewe nilichobeba begani. Mzee muuza sarafu hakufungua hata moja. Alisoma mwandiko wangu, Delaware, Georgia, Virginia, akatabasamu, akasema, "Benki iko ng'ambo ya barabara."

Sikupata hasara kwenye karatasi, dola 10 ilibaki dola 10. Lakini kilichonunuliwa kwa dola 10 mwaka 1999, kufikia 2024 kilitaka karibu dola 19. Boksi lile lilikuwa linakula pesa yangu kimya kimya.

Mzee aliniona nimenywea, akatoa kwenye droo kota moja ya 1983 yenye tai wa kawaida nyuma na herufi ndogo P kisogoni mwa Washington, yaani imefuliwa, ndiyo kutengenezwa, kwenye kiwanda cha serikali cha Philadelphia. Akaniuliza, kati ya hii na Delaware yako, ipi zilifuliwa nyingi? Nikasema Delaware, bila shaka. Kumbe Delaware za Philadelphia ni kama milioni 373, na hizi za 1983 ni milioni 673. Bado bunda la 1983 ambalo halijaguswa linauzwa kwa mamia ya dola, na langu anarudishiwa keshia.

Hapo ndipo somo lilipo, na wengi wetu tunaligundua tumeshachelewa. Usitazame tu zilifuliwa ngapi. Jiulize ni ngapi zilihifadhiwa. Mwaka 1982 na 1983 kiwanda cha serikali hakikutoa zile seti za mwaka za wakusanyaji, na hakuna aliyekuwa na hamu na kota ya tai. Zote ziliingia mtaani, zikaishia kwenye mashine za soda na za kufulia nguo, zikasagika. Delaware yangu nayo ilikuwa imejaa kwenye maboksi ya viatu nchi nzima. Mwaka 2009 mambo yakajirudia: uchumi ulikuwa umeanguka, sarafu zikafuliwa chache, na wachache walikuwa na pesa ya kulaza. Mabunda ya senti tano ya mwaka huo yana bei yake.

Uchache peke yake nao unadanganya. Senti tano ya 1950 kutoka kiwanda cha Denver ilifuliwa milioni 2.6 tu. Watu wakaificha kwa mabunda, bei ikapandishwa hadi bunda likapita dola 1,000 mwaka 1964, kisha ikaporomoka kwa sababu kila mtu alikuwa nayo.

Madini ya fedha ni habari nyingine. Kota na senti kumi hadi za 1964 ni asilimia 90 fedha, na bunda la kota hizo lina zaidi ya aunsi saba za fedha. Huhitaji kifaa chochote kuzitambua: zitazame ubavuni. Za 1965 kuendelea zina mstari wa shaba, za zamani ni nyeupe tupu.

Kama bunda jipya limeshakuangukia, basi lifungue. Tandika kitambaa, washa taa moja, shika lenzi, na kila sarafu uishike kwa ukingo. Unatafuta makosa ya kiwandani, kama kota ya Wisconsin ya 2004 kutoka Denver yenye jani la ziada kwenye gunzi la mahindi. Au zile za 2019 na 2020 zenye herufi W ya kiwanda cha West Point, milioni mbili tu kwa kila picha, zilizochanganywa makusudi na za kawaida. Chagua iliyo safi kuliko zote, nyingine rudisha benki. Na usiisugue! Ikishasuguliwa, umeiua.

Usinunue pia bunda "lililofungwa" kwa sababu tu sarafu nzee inachungulia mwishoni. Karatasi tupu zinauzwa, na kukunja kingo zake si kazi ngumu.

Binamu yangu wa Mombasa ameniuliza kuhusu zile za Kenya za 2018, za twiga, kifaru, simba na ndovu. Nimemwambia achukue moja moja, zilizo safi, azipende.

Mimi niliyafungua mabunda yangu yote kabla ya kuvuka ile barabara. Kota 1,200, usiku mbili, macho mekundu. Jani la ziada sikuliona. Lilitoka Denver, na mimi miaka yote pale Ohio nilikuwa nalaza za Philadelphia tupu.